Namba Sita Zinazofanana

Kabagoyi, ufukoni mwa Kivu
3 Septemba 1991

Mwalimu wangu Mzee Maneno,

Jambo sana. Huku tuko wazima. Samaki kidogo, amani kidogo, lakini wazima. Najua utashika kalamu nyekundu kabla ya kumaliza mstari wa kwanza, nakuomba usome tu mpaka mwisho, halafu unichape.

Tangu nitoke kwenye karakana yako Muhima ni miaka sita, na sijawahi kukusumbua na maswali. Leo iko shida. Wale watu wa mradi wa uvuvi walitupa mashine ya kuona samaki. Iko na kioo kidogo, inatuma sauti chini ya maji, sauti ikigonga samaki inarudi na unaona alama. Tumeifunga kwenye mtumbwi mkubwa wa koperativi. Asubuhi tunatoka kutafuta mahali samaki wamejikusanya, tunaacha boya, jioni wenye nyavu na taa wanafuata pale. Wiki ya kwanza tulipata sambaza, wale dagaa wa Kivu, mpaka wanawake walikosa vikapu.

Sasa mashine inazimika. Unaiwasha, dakika kumi, kioo kinafifia, kwisha. Tukirudi ufukoni inakataa kabisa. Betri yake ni ile uliyoifungua na kuitengeneza mwezi wa saba. Tunaichaji kwenye kinu cha kusaga mpaka jioni, halafu Jovia anaichukua nyumbani kwake, maana ufukoni iko wezi. Asubuhi analeta.

Mwalimu, tuanzie wapi? Jibu lako litasomwa mbele ya wote siku ya Jumapili. Desturi ya hapa, barua ya koperativi haisomwi na mtu mmoja pembeni, ili kesho mtu asiseme imefichwa kitu. Msomaji wetu ni huyo huyo Jovia. Alisoma Goma, Kiswahili chake kiko safi kuliko changu, utafurahi.

Mwanafunzi wako,
Léonce
Prezida wa koperativi


Muhima, Kigali
9 Septemba 1991

Kwako Léonce,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Hujambo, nami sijambo. “Mashine iko na kioo” ni maneno ya sokoni. Mashine ina kioo. Miaka minne ulikaa mbele yangu na bado “iko” inakufuata kama mbwa wa jirani. Tuache hayo.

Nilikufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: pima, andika, ndipo useme. Barua yako imesema mengi na haina kipimo hata kimoja. Fanyeni haya kwa utaratibu, wala msiruke.

Kwanza, fungueni vibano vya betri. Mkiona unga wa kijani au mweupe, sugueni kwa msasa mpaka risasi ing'ae, mkaze, mpake grisi. Pili, pimeni umeme kwenye betri, kisha pimeni pale waya unapoingia kwenye mashine, mashine ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au umeoza ndani. Tatu, itoeni fyuzi, mtazame mahali inapokaa. Maji ya ziwa hayana chumvi lakini shaba huila vilevile. Nne, pimeni betri jioni inapotoka kwenye chaji, na asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Andikeni namba zote mbili kwa siku sita.

Kuhusu betri yenyewe, msijisumbue. Niliiosha, nikaipanga, nikaijaza, nikaipima uzito wa asidi kwa kipimo cha kuelea, chumba baada ya chumba. Karatasi yenye sahihi yangu imefungwa kwenye kamba ya kubebea. Vyumba vyote sita vilisoma 1250. Betri iliyotoka mkononi mwangu na karatasi hiyo haijawahi kurudi tangu mwaka wa 1958.

Barua hii isomwe mbele ya wote.

Maneno bin Sefu
Fundi


Kabagoyi
21 Septemba 1991

Mwalimu,

Tumefanya yote kwa utaratibu. Barua yako ilisomwa, watu wakacheka pale kwa mbwa wa jirani. Sasa watoto wa ufukoni wananiita Iko. Asante.

Vibano vilikuwa na kijani, tumesugua. Fyuzi iko nzuri (fyuzi ni nzuri). Kwenye betri 12.6, kwenye mashine 12.4. Waya hauna kosa.

Namba za siku sita ndizo hizi. Jioni: 12.6, 12.6, 12.5, 12.6, 12.6, 12.6. Asubuhi: 10.9, 10.8, 10.8, 10.8, 10.7, 10.8.

Yaani inalala imeshiba, inaamka na njaa. Na Jovia anasema haijafungwa kwenye kitu chochote, inakaa sakafuni karibu na mlango.

Mwalimu, nauliza tu, si kwa ubaya. Haiwezi kuwa kitu kidogo ndani ya betri? Labda chumba kimoja? Nauliza tu.

Léonce


Muhima, Kigali
23 Septemba 1991

Kwako Léonce,

Sasa umepima, na vipimo vimesema. Ila wewe hukutaka kusikia vilichosema, ukatafuta kosa ndani ya betri ambayo nimekwisha kuitilia sahihi. Mwanafunzi anayemtilia shaka mwalimu wake na awe na ushahidi, au anyamaze.

Betri haina miguu wala mdomo. Ikijaa jioni na kupungua asubuhi, umeme wake umekwenda mahali. Mimi nimeketi katika biashara hii miaka thelathini na mitatu, na siku hizi kila nyumba inataka kusikia habari. Nimeletewa betri nyingi za magari zilizokonda namna hiyo hiyo, na kila mara mwisho wake ulikuwa mmoja: waya mbili, redio, na mtu asiyelala. Aliyekabidhiwa betri ndiye mwenye jibu. Muulizeni mchunga betri wenu ni redio ipi inayokunywa umeme wa koperativi usiku kucha, na ana habari gani ya kusikiliza mpaka alfajiri.

Wizi wa umeme ni wizi. Barua hii nayo isomwe mbele ya wote, isirukwe neno.

Maneno bin Sefu


Kabagoyi
2 Oktoba 1991

Mzee Maneno,

Jambo. Mimi ni Jovia. Mimi ndiye msomaji, na mimi ndiye mchunga betri.

Barua yako ya tarehe 23 nimeisoma Jumapili, mbele ya watu arobaini na kitu, nimesimama juu ya sanduku la samaki kama kawaida. Barua yako ya kwanza ilikuwa rahisi. Hii ilikuwa ngumu, mistari yako inapanda juu ya mistari mingine, nikawa ninakwenda polepole. Nilipofika kwa “aliyekabidhiwa betri” nikaona mbele kuna nini. Ningeweza kuruka. Hapo hakuna mtu mwingine wa kusoma mwandiko wako haraka, hakuna angejua. Lakini uliandika isirukwe neno, na barua ya watu ni ya watu. Nikasoma yote. Na “wizi wa umeme ni wizi” nikasoma. Sauti yangu haikukatika, hiyo ndiyo kitu moja ninaweza kujisifu.

Siku ile konseye, mkubwa wa sekta yetu, alikuwa amekaa mbele, alikuja kutangaza umuganda, kazi ya bure ya watu wote. Wewe uko Kigali, unajua kuliko sisi sasa ni wakati gani: vita iko mpakani, na anayesikiliza redio usiku anaitwa mtu wa waasi. Akaniuliza, “Jovia, ni redio gani?” Nikasema sina redio. Akasema, “Asiye na redio ndiye mwenye redio.” Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Yeye na watu wake wakaja nyumbani. Hawakukuta redio. Wakakuta waya yangu ya kuanikia nguo, kutoka dirisha mpaka mti wa parachichi. Konseye akasema hiyo ni antena. Mama yangu akamwambia, “Mwanangu, hiyo antena inashika kaniki tu.” Hakupenda. Wakaikata wakaenda nayo. Wakauliza mbona nimesoma Goma, mbona mama yangu ni wa Idjwi, upande wa Zaire, nani ananiandikia kutoka ng'ambo ya ziwa. Na sasa kila Jumatatu ni lazima niende ofisini kwake kutia sahihi kwamba nipo.

Koperativi imenitoa kwenye mtumbwi. Betri imewekwa ofisini kwa konseye, ni ushahidi.

Sikuandikii ili uniombe msamaha. Léonce anasema wewe unajua betri kuliko mtu yeyote kati ya Kigali na Bujumbura. Basi nifundishe namna ya kuonyesha kwamba sikuiba.

Jovia Nyirarukundo


Muhima, Kigali
8 Oktoba 1991

Kwa Bibi Jovia Nyirarukundo,

Nimepokea barua yako.

Sikuandika jina lako. Niliandika “mchunga betri”, na sikujua kwamba mchunga na msomaji ni mtu mmoja. Wala sikujua kwamba konseye angekuwepo. Nilimwandikia mwanafunzi wangu juu ya volti. Waliokata kamba yako ya nguo hawakutumwa na mimi.

Kuhusu mistari inayopanda, taa ya chumba changu ni hafifu.

Umeuliza jambo la kazi na nitakujibu la kazi. Jaribio ni rahisi. Betri ichajiwe mpaka ijae. Ipimwe mbele ya mashahidi. Kisha ifungiwe mahali ambapo wewe huingii, bila waya wowote kwenye vichwa vyake, juu ya ubao mkavu, na ufunguo akae nao mtu ambaye hakuna atakayemshuku. Asubuhi ipimwe tena mbele ya mashahidi wale wale. Ikibaki na 12.6, utajua watu watasema nini. Ikipungua, betri inajila yenyewe.

Jambo jingine. Inapochajiwa, fungua vifuniko vyote sita na utazame maji. Chumba kizima huchemka taratibu kama uji unaoiva. Niambie ulichokiona.

Maneno bin Sefu


Kabagoyi
16 Oktoba 1991

Mzee Maneno,

Nimefanya.

Mtu ambaye hakuna atakayemshuku nilimpata. Ni konseye mwenyewe. Nilimwambia mbele ya watu, “Mheshimiwa, betri ni ushahidi wako, basi uilinde mwenyewe.” Akafurahi sana. Ilichajiwa Jumatatu kwenye kinu. Nilifungua vifuniko kama ulivyosema. Vyumba vitano vilichemka kama uji. Cha tatu kilinyamaza. Maji yake yalikuwa meusi, hayana hata povu moja. Nikamwita Léonce aone. Akaona. Akavirudisha vifuniko mwenyewe.

Jioni 12.6, watu kumi na wawili wanatazama. Konseye akaifungia kwenye ofisi yake, kwenye meza yake, ufunguo akauweka ndani ya soksi. Asubuhi akafungua mwenyewe. Léonce akapima. 10.8.

Halafu mama yangu, ambaye hakualikwa, akasema kwa sauti, “Haya, Mheshimiwa, redio ilisema nini jana?”

Watu walicheka mpaka ndege wakaruka ziwani. Konseye alicheka pia, lakini kwa meno tu.

Betri si ushahidi tena, lakini kwenye mtumbwi hawajanirudisha mpaka wewe useme. Inakuja kwako na basi la Bayingana, dereva wa njia ya Kigali, ameifunga kwenye gunia. Karatasi yako bado iko kwenye kamba.

Jovia


Muhima, Kigali
4 Novemba 1991

Kwa wanakoperativi wote wa Kabagoyi,

Naomba barua hii isomwe mbele ya wote, kama zile nyingine. Naomba pia, safari hii, asiisome Bibi Jovia. Aisome Léonce, hata akijikwaa. Haifai yule yule aliyesomeshwa tuhuma yake asomeshwe pia kusafishwa kwake.

Betri ilinifikia tarehe 19 Oktoba. Nilikaa nayo siku tisa bila kuifungua. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingine. Sikuwa nayo.

Siku ya kumi nilimwita binti yangu Shami nikamwomba anisomee kipimo cha kuelea. Alishangaa, kwa sababu tangu azaliwe hajaona mtu mwingine akikishika kipimo hicho katika karakana yangu. Alisoma: cha kwanza 1245, cha pili 1250, cha tatu 1110, cha nne 1240, cha tano 1250, cha sita 1235. Nikamwomba asome tena cha tatu. Akasoma tena. Nikamwambia amekosea. Akakishika kipimo mbele ya macho yangu, karibu kama kitabu, akasema, “Baba, soma wewe.”

Sikuweza.

Haikuwa siku hiyo tu. Tangu mwezi wa tano namba ndogo zimenitoka. Naona bomba la kioo, naona kitu kinaelea ndani yake, mistari siioni. Mwezi wa saba, nilipoitengeneza betri yenu, Shami alikuwa chumba cha pili akishona. Ilikuwa rahisi kumwita. Sikumwita, kwa kuwa wateja wawili walikuwa wameketi mlangoni, na mimi ni Maneno bin Sefu ambaye hajawahi kuuliza mtu namba. Nikatumbukiza kipimo, nikakiinua kwenye mwanga, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha nikaandika namba ambazo betri nzuri ingepaswa kuwa nazo. Nikaziandika mara sita. Nikatia sahihi.

Tumekifungua chumba cha tatu. Kibao chembamba kinachotenganisha pleti mbili kimepasuka kutoka juu hadi chini. Nilikipanga kwa mikono yangu na sikuuona ufa. Pleti zimekuwa zikigusana, na kila usiku chumba hicho kilikunywa umeme wake chenyewe. Hiyo ndiyo redio. Ilikuwa ndani ya betri, na aliyeiweka ni mimi.

Léonce alipouliza kama kosa liko ndani, nilikasirika. Sasa najua kwa nini. Mtu aliyeandika namba asizoziona hapendi kuulizwa. Badala ya kufungua betri nikamfungulia mtu mashitaka. Nilimwandikia Bibi Jovia kwamba sikumtaja jina. Ni kweli, na ni neno la mwoga. Palikuwa na mchunga betri mmoja tu Kabagoyi, na Léonce alikuwa ameniandikia tangu mwanzo kwamba ndiye msomaji. Nilimwandikia pia kwamba taa ya chumba changu ni hafifu. Taa ni nzima.

Bibi Jovia Nyirarukundo hakuiba umeme. Hakusikiliza redio yoyote. Naomba arudishwe kwenye mtumbwi wiki hii, na naomba konseye apewe barua hii mkononi.

Betri itarudi na Bayingana ikiwa na kibao kipya katika chumba cha tatu.

Maneno bin Sefu


Kabagoyi
11 Novemba 1991

Mwalimu,

Hii ni yako peke yako, si ya mkutano.

Barua yako nimeisoma Jumapili. Nilijikwaa mara nyingi. Nilipofika pale “nikaziandika mara sita” nilikwama kabisa, watu wakafikiri ni mwandiko wako.

Haikuwa mwandiko. Mwalimu, mimi nilijua.

Siku betri ilipofika mwezi wa saba, kitu cha kwanza nilitazama ile karatasi. 1250, 1250, 1250, 1250, 1250, 1250. Wewe ndiye uliniambia, mwaka wangu wa kwanza, nilipokuletea namba zinazofanana ili niende kucheza mpira: “Betri yenye namba sita zinazofanana ni betri ambayo haikupimwa.” Ulinirudisha, nikapima upya, na mpira uliisha. Sijasahau. Nilitazama karatasi yako nikasikia sauti yako mwenyewe.

Nikasema moyoni, haiwezekani, huyu ni Mwalimu. Halafu mashine ikaanza kuzimika, na bado nikaona aibu. Si yangu, yako. Nilisema nani mimi kumwandikia Mzee Maneno kwamba hakupima? Ndiyo nikaandika lile “nauliza tu, si kwa ubaya”. Uliponikaripia nikashukuru, kwa sababu nilikuwa nimekwisha uliza na sasa ningeweza kunyamaza.

Na Jumapili ile Jovia anasoma juu ya sanduku, mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, niliifungua kwenye kamba asubuhi ile nikaitazama tena. Nikamsikia akisoma mpaka mwisho. Nikamsikia konseye. Nikapiga kura kwa mkono wangu huu atolewe kwenye mtumbwi. Baadaye nikairudisha karatasi kwenye kamba, kimya.

Nakuambia wewe kwa sababu wewe utanielewa. Nifanyeje?

Léonce


Muhima, Kigali
18 Novemba 1991

Léonce,

Nakurudishia barua yako ndani ya bahasha hii. Uliandika anwani isiyo sahihi. Mwenyewe anakaa hatua tatu kutoka kwako.

Sina kosa lako la kukukemea ambalo mimi sikulifundisha kwa mfano wangu. Lakini isome kwa mdomo wako, na usimpe mwingine akusomee.

Maneno


Kabagoyi
2 Desemba 1991

Mzee Maneno,

Jambo kwako na kwa Shami.

Betri imefika. Asubuhi saba mfululizo 12.6. Mashine inaona mpaka chini, tumejua hata kuna mti ulioanguka mbele ya mwamba wa Kabuye, ndiyo maana nyavu zilikuwa zinapasuka pale, na wazee walisema ni jini. Sasa jini ana alama kwenye kioo.

Léonce alisoma barua yake Jumapili iliyopita. Alipanda juu ya sanduku langu. Hakuwa na mwanga mbaya wala mwandiko wa mtu, ni wake, na bado alisoma kama mtu anayekula mawe. Sikumsaidia. Alipomaliza akashuka, akaniambia, “Dada Jovia, nipige.” Nikamwambia nina kazi. Akajitoa uprezida. Wamemchagua Jean-Berchmans, ambaye hajui betri wala Kiswahili, lakini ana sauti kubwa.

Mimi nimerudi kwenye mtumbwi. Betri wameniomba niichunge tena. Nimekubali, ila ninaipitisha sokoni mchana, kichwani, kila mtu aone inaingia wapi.

Karatasi mpya nimeisoma mbele ya wote: 1250, 1245, 1255, 1240, 1250, 1245. Na chini yake, “Namba zimesomwa na Shami binti Maneno, mimi sioni.” Mama yangu akasema, “Huyu sasa ni fundi.”

Uliomba konseye apewe barua mkononi. Alipewa. Aliikunja bila kuisoma, akasema mzee kipofu wa Kigali hawezi kumfundisha kazi yake. Jumatatu bado ninakwenda kutia sahihi. Waya haijarudi, tunaanika nguo kwenye majani. Na njiani watu wake wananiita “Redio”. Juzi mtoto mdogo, hajui hata maana, ameniamkia, “Shangazi Redio.”

Sikusemi. Nakuambia tu mahali ambapo barua yako ya kukiri haikufika. Ile ya wizi ilifika.

Jovia


Muhima, Kigali
9 Desemba 1991

Kwa Bibi Jovia Nyirarukundo,

Barua hii inaandikwa na Shami. Maneno ni yangu.

Nimeomba kibali cha safari na nimekipata. Nitapanda gari la Bayingana siku ya Jumapili tarehe 15, ili Jumatatu asubuhi niwe mbele ya konseye saa ile unayokwenda kutia sahihi. Sitaleta barua, nimeona kwamba barua hukunjwa. Nitasimama pale niseme kwa kinywa changu ni nani aliyedanganya na kwa sababu gani, mara nyingi kadiri atakavyotaka kusikia, na wanaokuita jina lile wawe wanasikia. Akinifukuza nitarudi Jumatatu inayofuata. Nina Jumatatu nyingi na kazi yangu imepungua.

Nitaleta pia waya wa kuanikia, mita kumi na mbili.

Nina ombi moja, nalo ni gumu kwangu kulitamka hata kwa Shami. Ameniambia, “Sema, Baba.” Naambiwa ofisi ya konseye ina ngazi za mawe, na pale gari linaposimama hakuna njia iliyonyooka. Sizioni ngazi. Nitahitaji mtu wa kunishika mkono kutoka garini hadi mlangoni pake. Wapo wengi ambao ningeweza kuwaomba, na Léonce angekuja mbio.

Nakuomba uwe wewe, ukipenda.

Maneno bin Sefu